Mama Agathe Hakubali Kurudi

Mama yetu Agathe analima maharage pale Karuba, kwenye vilima vya Masisi, ana ng'ombe mmoja mwenye kiburi, na ana ugonjwa wa kusindikiza watu. Simsingizii. Amemsindikiza padri mvua ikinyesha. Amemsindikiza mnunuzi wa maharage waliyegombana naye tangu asubuhi, na njiani wakaendelea kugombana mpaka yule bwana akaomba radhi. Kwake, mgeni anayeachwa mlangoni ni mgeni aliyefukuzwa.

Sasa mgeni mwenyewe awe Sylvain, kaka yangu, mchoraji, aliyetutembelea majuma matatu baada ya kuishi Ubelgiji miaka kumi na miwili! Majuma hayo tulicheka mpaka mbavu zikauma. Alimchora Mama uso wa kijani kibichi. Mama akaitazama ile picha, akainamisha kichwa huku na huku.

“Hapa nilikuwa mugonjwa?”

“Hapana, Mama. Iko mwangaza ya asubui.”

“Basi asubui njo ilikuwa mugonjwa.”

Siku ya kuondoka, Sylvain alikuwa na jambo moja tu kichwani: avuke mpaka wa nchi pale Goma kabla ya saa tisa, saa unapofungwa. Ndege yake ilikuwa inamsubiri Kigali usiku ule, na karatasi zake za kuishi Ubelgiji zilikuwa zinaisha kesho yake. Akikosa ndege, kazi yake yote kule imekwisha. Nilimweleza Mama mara tatu. Akaitikia vizuri kabisa, kisha akaenda kuvaa kitenge cha Pasaka.

Barabara ilikuwa tope tupu, gari likatusubiri Mushaki. Basi tukatoka kwa miguu. Mimi Rosalie, mdogo mtu, ndiye niliyebeba sanduku, maana msanii alibeba picha zake zilizokunjwa, kazikumbatia kama mtoto mchanga. Nyuma yetu Mama. Nyuma ya Mama, Shangazi Emérita na kuku mmoja, majirani kumi na moja na jibini mbili. Wakaanza kuimba. Wanawake wakacheza kwenye tope, viatu mkononi, na kila tuliyempita shambani alitupa jembe akajiunga. Nilikuwa na hasira, sanduku linanikata bega, lakini miguu yangu nayo ilikuwa inacheza. Nifanye nini?

Tulipita kijito. Nilidhani Sylvain atasema sasa. Kimya. Tukapita kanisa. Kimya. Kwetu anayesindikizwa ndiye anayesema neno: “Inatosha, mrudie hapa.” Asiposema, anayesindikiza haachi, maana atakuwa amemtupa mgeni wake njiani. Tena mtu hakumbushwi neno hilo. Kaka yangu akawa anatabasamu tu kama bwana harusi, anafikiri watachoka wenyewe. Wachoke? Watu wa Masisi, kwenye kilima?

Tulifika Mushaki saa tano na nusu. Dereva, Jean-de-Dieu, alituhesabu, akashika kichwa.

“Hii iko mugeni moya ao ni ndoa?”

Sylvain akaingia garini. Mama akaingia. Shangazi Emérita akaingia na kuku wake. Majirani wawili wakapanda nyuma, juu ya magunia ya viazi, wakaanza wimbo mwingine. Jean-de-Dieu akapiga honi, akapiga usukani, akaapa kwamba hang'oi gurudumu na harusi ndani ya gari. Saa sita ikafika. Saa sita na robo. Nikaona jasho kwenye paji la uso wa kaka yangu, nami nikatupa desturi kando.

Nikamnong'oneza dirishani, “Weye unangoya nini? Umwambie arudi!”

Alinitazama kwa macho mekundu. “Rosalie, siwezi. Namna gani nitamufukuza mama yangu?”

“Haiko kumufukuza, we mujinga! Njo kumuachilia!”

Nilisahau kunong'ona. Nyimbo zikakatika. Mama aliweka mikono yake magotini, akaongea polepole, bila ugomvi.

“Sylvain, ile mwaka ulipanda camion ya makala, nilikufuata mpaka hapa hapa. Camion ikaenda. Haukuniambia nirudi. Mu nyumba niliingia, ndiyo. Nalima, nakula. Lakini miye bado niko nakusindikiza, mutoto wangu. Miaka kumi na mbili. Na magulu inauma.”

Sylvain alilia waziwazi, mbele ya dereva na kila mtu. Hakuwa ameliacha neno kwa kiburi. Siku ile ya lori la makaa alikuwa kijana wa miaka ishirini, aliogopa kwamba akifungua kinywa atashuka. Akamshika Mama mikono yote miwili.

“Mama, ulinisindikiza muzuri. Inatosha. Urudie hapa.”

“Aksanti,” akasema Mama, kama mtu aliyepewa maji.

Akashuka mara moja. Emérita akashuka, majirani wakaruka, kuku akasahaulika ndani akaenda zake Goma. Gari likateremka kuelekea Sake kwa mwendo wa kichaa, na sisi tukapiga vigelegele mpaka likapotea kwenye kona. Mama hakungoja lipotee. Alikuwa amekwisha kugeuka, kitenge amekikaza kiunoni, anapanda kilima akiimba peke yake, na mimi nisiye na sanduku tena nilishindwa kumfikia.

Saa tisa kasoro dakika tano simu yangu ililia. Amevuka! Nilikimbia uani nikipiga kelele kama kichaa, nikaingia nyumbani kumwambia. Mama alikuwa amelala kitandani, mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu, viatu kavivua, miguu kainyoosha, anakoroma.