Kuku Tuliyesema Tumemla

"Kuku huyu hachinjwi, shemeji. Labda unichinje mimi kwanza."

"Wewe una mifupa mitupu, Saverio. Nikikupika, mgeni atadhani nimemwekea kuni mezani."

Saverio alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, kuku kamkumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Mimi nilikuwa na kisu. Maji yalikuwa yanatokota juu ya sigiri, na mzee Ogutu, baba yake Byron anayetaka kumwoa mjukuu wangu Ayoo, alikuwa njiani kutoka Kisumu kuja kupanga siku ya mahari. Angefika wakati wa chakula cha mchana.

Na kuku huyo alikuwa wake. Hapo ndipo palipokuwa na balaa.

Miaka miwili iliyopita, mzee Ogutu alipokuja hapa Kisugu, Kampala, mara ya kwanza, alituletea zawadi ya mtetea mwekundu, shingo tupu bila unyoya hata mmoja, na mguu wa kushoto umepungua kidole. Kwao kama kwetu, kuku wa zawadi ni wa kuliwa. Firigisi hupewa mwanamume wa nyumba, na kabla wiki haijaisha aliyemleta anapelekewa habari jinsi alivyokuwa mtamu. Ukimwacha akazunguka uani ni kama umesema: undugu wako hatuutaki.

Mwanamume wa nyumba hii ni Saverio, ndugu wa marehemu mume wangu. Nikueleze kidogo huyu mtu, maana ukimwona na viatu vyake vinavyong'aa utadhani ni mtu wa maana.

Miaka thelathini na mmoja alipiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi. Alikuwa akiipiga mpaka ng'ombe wa Gulu wanasimama wima kwa heshima. Siku moja ya gwaride alipiga vizuri sana, wingu la mvua lililokuwa linakuja Kampala likageuka na kurudi ziwani. Nikilisimulia hilo mbele yake huwa anakasirika. "Acha uongo, shemeji," husema. "Liligeuka kidogo tu."

Mkewe, Atoo, alikuwa hapendi kelele. Hata sufuria ikianguka alishika kichwa. Lakini kila gwaride alikuwa mstari wa mbele, kitambaa kichwani, pamba masikioni, anamtazama mumewe akipiga kitu ambacho yeye hataki kukisikia. Miaka yote hiyo. Watu wa kambini walimcheka, na yeye hakusikia, kwa sababu ya pamba.

Mwaka ambao Saverio alistaafu ndio mwaka Atoo alipofariki. Akaja kwangu na sanduku la bati na ile ngoma, waliyomwachia kwa kuwa upande mmoja ilikuwa imepasuka. Akawa haongei. Asubuhi anapiga viatu rangi, anavaa, anakaa kitini kama mtu anayengoja gari, jioni anavivua. Maneno mawili kwa siku, na la pili ni "asante". Nilimtolea hadithi zangu zote, hata ile ya mamba aliyejiunga na kwaya. Hakucheka.

Kilichomfungua mdomo kwanza ni paka. Mzee mmoja wa rangi ya majivu, sikio moja, alitoka kusikojulikana akaingia kwenye ngoma kupitia pale palipopasuka, akafanya chumba. Kila asubuhi tukawa tunamsikia Saverio: "Wewe! Toka ndani ya mali ya serikali!" Paka anafumbua jicho moja, analifumba.

Basi jioni ile mzee Ogutu alipoondoka, Saverio alimfunga yule mtetea mguu kwa kamba ya katani kwenye ngoma, kwa kuwa ndicho kitu kizito kilichokuwa karibu, akanoa kisu cha kumchinjia asubuhi. Asubuhi akatoka nacho. Alipochelewa kurudi nikaenda kumtazama. Nikamkuta amekaa chini, kofia ameivua.

Kuku alikuwa ametaga ndani ya ngoma. Sasa alikuwa nje, hadi kamba ilipoishia, anapiga kelele za kujisifu kama muuza samaki. Na ndani, juu ya yai, alikuwa amelala paka, analipasha joto.

"Kelele zote hizi," Saverio akasema, "na hata hakutikisa sikio." Kisha akasema, "Shemeji, huyu ana pamba masikioni."

Kisu akakirudisha jikoni. Tangu siku hiyo wawili hao wanalala pamoja kwenye ngoma. Kuku anamchokora paka viroboto, paka anamletea mijusi. Wakaangua vifaranga kumi na wanane, na sita kati yao walitoka wakisema nyau.

"Walikuwa watano," husema Saverio, "na wote walisema piu." Ndiyo, siku hizi anaongea. Anabishana na mimi kutwa. Ndiyo faida ya kuku huyo.

Lakini wiki ile ile mzee Ogutu akapiga simu. "Mama, yule kuku alikuwaje?" Ningesema nini? Nilimwambia kwamba supu yake tulimpelekea jirani yetu Dawudi, aliyekuwa kitandani miezi minne, akainywa bakuli moja akaruka ukuta. Nikamwambia firigisi ilikuwa kama ngumi, Saverio aliila siku mbili. Mzee Ogutu alifurahi sana. Kila akipiga simu anaulizia afya ya Dawudi.

Uongo wangu ulikuwa umetulia vizuri. Aliyeusumbua ni Ayoo.

Huyu mtoto anachora katuni zinazotembea. Ana kibao cha kioo, anachora picha moja, anachora nyingine inayofanana nayo ila mguu umesogea kidogo, anaendelea hivyo miezi minane, halafu filamu yote inakwisha chai yako ikiwa bado ya moto. Akachora ngoma yetu, na paka, na kuku mwenye shingo tupu. Akachora na mzee mwenye kisu, ana masharubu na viatu vinavyong'aa, ambaye mwishoni anakiweka chini. Ikaonyeshwa kwenye ukumbi mmoja Kibuli. Watu walilia, nakuambia! Machozi yalitoka chini ya mlango, yakateremka mlima, yakafika Bwaise, mtaa wa bondeni ambao haujawahi kukosa mafuriko. Saverio alilia kuliko wote. Alisema ni vumbi la ukumbini.

Kwa hiyo unaona nilivyokuwa nimebanwa. Mgeni anakuja, na shahidi anatembea uani na vidole vyake pungufu.

"Tumpike," nilimwambia Saverio. "Mzee atakula, atashukuru, atarudi kwao. Atakuwa amemla shahidi mwenyewe. Nani atamwuliza?"

"Nitaulizwa na paka."

"Harusi ya Ayoo ivunjike kwa sababu ya paka?"

"Jaja, acha." Huyo ni Ayoo, mimi bibi yake huniita Jaja. Alikuwa amechutama karibu na sigiri akimenya matoke. "Ameshaiona."

"Nani ameona nini?"

"Baba yake Byron. Filamu. Byron alimtumia juzi, hakujua kwamba ulisema kuku ameliwa."

Kisu kilikuwa chepesi, sasa kikawa kizito. "Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Aliandika tu: Nakuja."

"Nitamwambia ni pacha," nikasema. "Dada yake yule tuliyemla."

"Aliyekatika kidole kile kile?" Saverio akauliza.

"Ni ugonjwa wa ukoo wao."

"Jaja!" Ayoo alikuwa anacheka na macho yamejaa maji. "Akiona tumemdharau, atasema nini kwa wazee wao? Byron hatampinga baba yake. Hata akitaka, mimi sitamruhusu."

Hapo niliona aibu, na mimi si mtu wa kuona aibu kila siku. Nilikuwa nimempikia mtoto wangu matatizo kwa supu ambayo haikuwepo.

Saverio alimweka kuku chini taratibu. Kuku akaenda moja kwa moja kwenye ngoma, akamkanyaga paka, akakaa. Saverio akafuta viatu kwa nyuma ya suruali, mmoja, halafu mwingine.

"Mimi ndiye mwanamume wa nyumba," akasema. "Firigisi ilikuwa yangu. Nitamwambia mimi."

"Wewe? Utamwambia nini?"

"Nitamwambia habari za Atoo."

Alikuwa hajalitaja jina hilo mbele ya mgeni tangu alipohamia kwangu.

"Na ule uongo wako," akaendelea, "utaubeba mwenyewe, shemeji."

"Nitaubeba. Lakini Dawudi ni kweli aliruka ukuta."

"Alikuwa anakimbia mbwa!"

"Baada ya kunywa supu!"

"Supu gani, wakati kuku—"

"Hodi hapa."

Mzee Ogutu alikuwa tayari ameshaingia uani, kofia mkononi, vumbi la safari mabegani. Akatutazama mmoja mmoja: Ayoo na matoke yake, Saverio na viatu vyake, mimi na kisu nilichokuwa najaribu kukificha kwenye mikunjo ya gomesi, vazi langu la wageni. Kisha akatazama ngoma. Akaisogelea, akainama, akachungulia pale palipopasuka. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikahesabu dhambi zangu nikafika za ujana.

Alipoinuka alifungua mfuko wake. Akatoa sangara aliyekaushwa, amefungwa kwenye gazeti. "Huyu ni wa paka," akasema. Akatoa kifurushi cha mtama, akakiweka kando ya samaki. "Huu ni wa bibi mwenye shingo tupu."

Akavuta kigoda, akaketi, akanigeukia akiwa ameubana mdomo usicheke.

"Na mimi, mama, nina njaa. Nipakulie ile supu ya Dawudi."