Heshima ya Mrija

Mwezi uliopita niliombwa kufungua maonyesho ya wasanii pale Makanyagio, nadhani kwa sababu mimi ni mwalimu wa chuo kikuu mwenye koti. Sanaa siijui. Nilichoogopa zaidi ni kuwaudhi wenyeji.

Katikati ya ukumbi kulikuwa na chungu kikubwa kilichochorwa samaki, na mirija mirefu ya matete imesimama ndani yake. Kando yake alisimama Mama Esperansia wa Kasokola, aliyekifinyanga na kukichora mwenyewe. Kwao pombe hunywewa pamoja kwa mirija kutoka chungu kimoja, na ukikataa mrija umewakataa watu. Ukumbi mzima ulikuwa ukinitazama. Nikapiga magoti, nikashika mrija, nikavuta.

Ladha ilikuwa ya ajabu. Nikameza, nikavuta tena kwa woga, wasije wakadhani sijaipenda.

"Mwalimu," Mama Esperansia akaniambia taratibu, "hilo ni Ziwa Tanganyika. Nimelitengeneza kwa bluu ya kufulia. Hayo ni matete ya Karema."

Nikataka kumwomba radhi, lakini akanishika mkono.

"Usifungue mdomo kwanza, baba. Meno yote yamekuwa ya bluu, na watu wanasubiri hotuba."