Mwendeshaji wa katapila amesimamishwa kazi kwa kutufungulia barabara Gitaza

Wakuu, amahoro.

Mimi ni mama wa mutoto mumoja, naishi Rumonge. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo.

Kwenye zile mvua kali, binti yangu Bryella, hajafikisha hata mwaka, alibanwa na kifua. Hospitali wakasema wazi: hapa hatuwezi, apelekwe Bujumbura haraka. Tukapandishwa ambulansi, mimi, muuguzi, na chupa ya oksijeni.

Kufika Gitaza, mlima umeshuka.

Udongo na mawe vimefunga barabara yote. Huku mlima, huku ziwa, pa kuzungukia hakuna. Kwa miguu nako matope yanakufika kiunoni. Malori ya mawese yamepanga foleni, abiria wanatafuna mihogo kama wako harusini.

Sasa hapa ndipo nilipochanganyikiwa.

Katapila ilikuwepo! Upande wetu, ya serikali, imeegeshwa tu. Akina mama wa pale wanaouza samaki wameegemeza mifuko ya ndagala kwenye minyororo yake. Mwendeshaji, muze Salvator, amekaa chini ya mwavuli.

Nikamwachia muuguzi mutoto, nikamkimbilia.

"Muze, mashine imeharibika?"

"Hapana, mama. Iko nzima."

"Mazutu imeisha kwenye tangi?"

"Mazutu iko."

"Sasa unangoja nini?"

"Ruhusa ya Bujumbura. Shefu wangu hana haki ya kuniambia washa. Amepiga simu, wa kule naye anamungoja mukubwa wake, mukubwa iko kwenye mkutano."

Mama mumoja wa ndagala akadakia: "Mkutano wa barabara, pengine!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimvuta muze mkono hadi kwenye ambulansi.

"Mutazame huyu," nikamwambia, "halafu rudi ukakae kwenye mwavuli wako."

Akatazama. Midomo ya Bryella imekuwa ya buluu. Muuguzi akasema oksijeni inakaribia kwisha.

Muze akavua kofia, akaivaa tena, akapanda mashine, akaiwasha. Wale mama wakavuta mifuko yao mbio, wanapiga kelele: "Sukuma papa, sukuma!" Akasukuma hadi ikapatikana njia ya gari moja.

Tukapita. Bryella akalazwa, akatibiwa, akapona. Mungu ashukuriwe.

Tuliporudi nikabeba mawese mazuri ya Kigwena, nikaenda ofisi yao ya barabara kumshukuru muze.

Hayupo. Amesimamishwa kazi. Kosa lake? Ametumia mashine na mazutu ya serikali bila ruhusa.

Nilidhani wananitania! Nikaingia kwa shefu. Niseme ukweli, si mtu mubaya, alinipa kiti. Akanieleza kwamba yeye bajeti hana, mazutu inapimwa Bujumbura, ikipungua bila maelezo anaulizwa yeye. Eti mwendeshaji anaweza kuwasha bila ruhusa kukiwa na hatari ya kifo tu.

"Basi shefu, mutoto wangu alikuwa anakufa."

"Ushahidi uko wapi?"

Nikampa karatasi za hospitali. Akasema zinaonyesha mutoto aliugua, hazionyeshi kwamba angekufa.

Nikamshusha Bryella mgongoni, nikamkalisha juu ya meza yake. Mutoto akamchekea.

"Mama," akasema, "huyu mbona ni muzima?"

Wakuu, nikamfunga Bryella mgongoni, nikatoka. Mimi, ambaye mtaa mzima unaogopa mdomo wangu! Yaani angekufa ndiyo muze angerudi kazini?

Nilichojifunza ni hiki. Tunalia kila siku kwamba barabara haina mashine, haina pesa. Siku ile mashine ilikuwepo, mazutu ilikuwepo, mtu anayejua kazi alikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa pale pale mwenye haki ya kusema "washa". Kila ofisi ya barabara ipewe mazutu yake kabla ya mvua, shefu wake aamue mwenyewe, halafu aulizwe baadaye. Bila hivyo, hata mkileta katapila mia moja zitabaki za kuegemezea ndagala.

Wiki ijayo muze anaitwa na wakubwa wake kujieleza. Nitakuwepo na Bryella, na wale mama wa Gitaza wamesema wanakuja.

Kama uliwahi kufanya kazi kwenye ofisi hizi, niambie hapo chini tukaseme nini ili arudishwe. Pole zenu muziweke, nataka maneno ya kwenda nayo.