Kisanduku Kimoja Kwenye Kadi

Mgeni akisikia kwamba wodi ya wazazi ina muuguzi anayeitwa Mama Makofi, huingia ameshika shavu. Jamani, mama wa watu hajawahi kumzaba mtu kibao! Jina alilipata enzi za ujana wake, alipokuwa akipita vitandani asubuhi, anainama nyuma ya kisogo cha kitoto kilichozaliwa juzi, anapiga kofi moja la nguvu, pa! Kitoto kikishtuka, anaandika daftarini: Anasikia. Kisha huyo, kitanda kinachofuata.

Na tusimwonee. Siku zile hakuna muuguzi mwingine aliyehangaika na masikio ya mtoto. Mtoto alipimwa uzito, akahesabiwa vidole, akafungwa nguo, kwaheri. Yeye peke yake alijali, na alijivunia kujali. Mwaka wa tatu akaandika taarifa ya kurasa nne kwa mkono wake: watoto mia nne na kumi na wawili wamepimwa kwa makofi, wote wanasikia. Wote! Mtu mwenye chembe ya shaka angejiuliza inakuwaje asipatikane hata mmoja asiyesikia. Lakini ujana na sifa vikikutana, shaka hukaa nje. Mganga mkuu aliipeleka taarifa wizarani, wizara ikaleta cheti, na mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, akakitundika juu ya kabati la vyombo ambapo kila mgeni lazima akione.

Miaka mitano baada ya cheti, akaja fundi cherehani mmoja mwenye duka nyuma ya hospitali, amemshika binti yake mkono.

"Muuguzi, huyu ana miaka mitano na hajawahi kuniita mama."

Mama Makofi akamkalisha binti kwenye kigoda, akazunguka nyuma, pa! Binti akageuka mara moja, akatabasamu.

"Si huyo amegeuka? Anasikia vizuri tu. Wengine huchelewa kusema, mama, usijitie presha."

"Rudi nyuma kidogo," fundi akasema. "Pigia pale mlangoni."

Akapigia mlangoni. Binti anachezea kifungo cha gauni lake. Akapiga tena, mpaka viganja vikamuwasha. Binti na kifungo, kifungo na binti.

"Mimi kazi yangu vitambaa," fundi akasema. "Nikikung'uta kitambaa nyuma yake anageuka, na kitambaa hakina kelele. Ni upepo, muuguzi. Upepo unampiga shingoni. Unapopiga kofi karibu unampulizia."

Walipoondoka Mama Makofi alikwenda stoo, akalitoa daftari la mwaka ule wa taarifa, akashuka na kidole mpaka akaifikia tarehe ya kuzaliwa kwa yule binti. Kitanda namba sita. Mwandiko wake mwenyewe, ule wa kujipinda kwa madaha: Anasikia. Alikaa juu ya boksi la glavu akalia, kisha akalirudisha daftari na kulisukuma ndani kabisa, nyuma ya mengine.

Hakumwambia fundi. Hilo ndilo kosa la pili, na ukiniuliza mimi, ndilo kubwa kuliko la kwanza.

Lakini kazi aliifanya, usiku na mchana. Alirudi chuoni kusomea upimaji wa usikivu akiwa na miaka thelathini na minane, darasani watoto wanamwita shangazi. Aliporudi aliandika barua ishirini na saba, ndipo akapata mashine moja ya kupimia watoto wachanga, ndogo, ya kushikwa kiganjani. Unamwekea mtoto kijiplagi laini sikioni, mashine inatoa sauti ndogo, na sikio likiwa zima linaijibu lenyewe, hata mtoto akiwa amelala fofofo. Taa ya kijani, linasikia. Taa ya rangi ya machungwa, lipimwe tena. Chumba wakamnyima. Akapewa kona ya stoo ya magodoro, watu wakamcheka, yeye akashukuru. Magodoro yanameza kelele, na kazi ile inataka kimya.

Kwa yule binti alijitoa mzimamzima. Alimtafutia shule, akajifunza lugha ya alama pamoja na mama yake, jioni kwa jioni, katikati ya mikasi na vipande vya kanga. Binti akachanua. Mikono yake ilisema kutwa bila kupumzika, wakamwita Chiriku. Na huyo fundi cherehani na Mama Makofi wakawa chanda na pete. Dada huku, dada kule. Hakuna gauni la Mama Makofi ambalo halikushonwa pale.

Sasa huko kazini vita vilikuwa vya kadi. Unaijua kadi ya kliniki ya mtoto? Ina kisanduku cha uzito, cha chanjo, cha matone, hata cha meno. Masikio, hola! Na wauguzi tunawajua: kilichomo kwenye kadi kinajazwa, kisichokuwemo hakipo duniani. Chama cha wapimaji wa usikivu, watu kumi na mmoja wanaoenea kwenye mabenchi mawili, kiliomba kisanduku kimoja tu. Mtoto apimwe kwa mashine kabla hajaenda nyumbani, na kijazwe. Barua zikaandikwa miaka sita. Mama Makofi, katibu wa chama, alizipeleka kwa mkono, mpaka walinzi wa wizara wakawa wanamuulizia wajukuu.

Hatimaye kamati ya afya ikakubali kuwasikiliza. Wiki mbili kabla, ikaletwa rasimu ya uamuzi waisome. Ukurasa wa tisa ulisema hivi: kipimo cha makofi, ambacho ubora wake umethibitishwa na taarifa ya wodi ya wazazi, kinatosha, kisanduku hakihitajiki. Nyuma ilikuwa imebanwa taarifa yenyewe. Kurasa nne. Mwandiko wa madaha.

"Tutasema ni taarifa ya zamani, basi, yaishe," alisema daktari wa masikio, mwenyekiti wa chama.

"Watauliza, uzamani ndio kosa? Watauliza mtoto gani alikosewa."

"Usithubutu! Watu kumi na mmoja, ndiyo kwanza wanatuona wataalamu, halafu tusimame mbele yao tujivue nguo?"

"Mficha uchi hazai, daktari. Na mimi ni wa wodi ya wazazi, hilo nalijua kuliko wewe."

Maneno hayo yalikuwa ya kishujaa, lakini njiani kwenda dukani kwa fundi alisimama mara tatu, nusura ageuze. Kwa sababu kabla ya kuiambia kamati, ilimbidi amwambie yeye. Alimkuta anapinda ukosi wa shati. Akasimama hapo mlangoni, hakukaa, akasema yote: kitanda namba sita, kofi, daftari, stoo.

Cherehani ikanyamaza.

"Ulijua siku ile ile nilipomleta?"

"Siku ile ile."

"Miaka kumi na moja unakula kwangu. Unanywa chai yangu. Mimi nilidhani labda nilimdondosha. Nilidhani ni ile homa ya mimba. Mama mkwe alisema nimemrithisha, na nikaamini! Na wewe umekaa hapo hapo kwenye kiti hicho, unanipa pole!"

Mama Makofi akaomba jambo moja: kama Chiriku akipenda, waje mbele ya kamati, wakaonyeshe. Kama hapana, ni hapana.

"Nenda, muuguzi," fundi akasema, akaurudisha mguu kwenye cherehani.

Muuguzi. Siyo dada. Lilimchoma kuliko matusi.

Siku ya kikao mumewe alimpigia pasi gauni mara mbili na kumwambia, "Wakikuonea, mimi niko nje na gari." Ukumbi ulikuwa mkubwa, sakafu ya saruji, viti vya plastiki, wajumbe kumi na wanne na watu wengine hamsini hivi wa kusikiliza. Viti viwili vya mbele Mama Makofi aliviwekea mkoba wake. Vikabaki vitupu. Mwenyekiti wa kamati, mzee mnene mwenye miwani ya kushukia puani, alikuwa tayari amechoka.

"Mama, kwanza hongera. Taarifa yako ndiyo iliyotusaidia. Makofi hayaharibiki, hayahitaji betri. Sasa unataka nini tena?"

Ukumbi ukacheka. Mama Makofi akasimama.

"Nataka kusema kwamba taarifa hiyo ni ya uongo, na mwandishi wake ni mimi."

Kicheko kikakatika. Daktari wa masikio akaziba uso kwa mikono.

"Sikudanganya kwa kukusudia," akaendelea. "Nilidanganywa na mkono wangu. Kati ya hao mia nne na kumi na wawili yumo mmoja, kitanda namba sita, ambaye niliandika anasikia, na hasikii. Akapoteza miaka mitano bila lugha yoyote. Huyo ndiye aliyepatikana. Wengine wako wapi, mheshimiwa, mimi sijui, na hilo ndilo linaloninyima raha."

"Hayo ni maneno," mwenyekiti akasema. "Ushahidi?"

Hapo mlango wa nyuma ukafunguka. Fundi cherehani aliingia amejifunga kitambaa cha kichwa cha bluu, uso mkavu, na nyuma yake Chiriku, binti wa miaka kumi na sita, mrefu kumpita mama yake. Walipita katikati mpaka mbele. Fundi hakumtazama Mama Makofi.

"Sikuja kwa ajili yako," alisema, na aliyasema kwa sauti ukumbi wote usikie. "Nimekuja kwa ajili ya wasiozaliwa bado."

Chiriku akawapa mgongo wajumbe. Mama yake akamfunga macho kwa kipande cha kitambaa, baada ya kuelewana naye kwa alama: akihisi chochote, ainue mkono. Mama Makofi akamsogelea, akainama nyuma ya kisogo kama alivyoinama mara mia nne, pa! Mkono wa Chiriku ukainuka papo hapo.

"Eeh!" mwenyekiti akapiga meza. "Si anasikia huyo?"

"Ndivyo nilivyosema hata mimi, mheshimiwa. Niazime faili lako."

Akalichukua faili la kamati, lile lile lenye ukurasa wa tisa, akamshikisha fundi alisimamishe kati ya kofi na shingo ya binti. Pa! Mkono chini. Pa! Chini.

"Upepo umezibwa," Mama Makofi akasema. "Sasa ninyi nyote, hapo hapo mlipokaa. Pigeni makofi. Pigeni kama mnavyompigia waziri!"

Wakatazamana. Mmoja akaanza, wa pili akafuata, kisha ukumbi mzima, watu zaidi ya sitini, makofi yakarindima mpaka vioo vya madirisha vikatikisika. Na Chiriku amesimama pale katikati ya kelele zote, mkono ubavuni, ametulia, anangoja waanze.

Makofi yakafifia moja moja. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa mwisho, akabaki viganja vimeachana hewani, hajui aviweke wapi. Alivua miwani.

"Anangoja nini?" akauliza polepole.

"Anatungoja sisi," fundi akasema. "Anangoja tangu azaliwe."

Ukurasa wa tisa ulifutwa siku hiyo hiyo. Kisanduku kikapita kwa kura kumi na tatu, mmoja akilalamika tu kwamba kadi itarefuka. Daktari wa masikio, yule yule wa usithubutu, alimkumbatia katibu wake mbele za watu huku anafuta kamasi. Chiriku alipofunguliwa macho na kuelezwa, mikono yake iliwasimulia wajumbe kwa kasi ambayo hakuna mkalimani angeiweza. Mama Makofi aliteremka ngazi za ukumbi ule kifua mbele. Mtu akikiri kosa lake akiwa wima namna ile, nani wa kumzuia asijivune? Mimi simzuii! Nyumbani akakishusha cheti cha juu ya kabati, mumewe akalalamika ukuta umebaki na alama.

Lakini fundi aliondoka bila kuaga. Mwezi ukapita, miwili, mitano. Mama Makofi hakwenda dukani, aliona si haki kumlazimisha mtu msamaha. Kadi mpya zikaja kutoka kiwandani zikinuka wino, na kisanduku kipo, baada ya uzito, kabla ya chanjo: Masikio. Mashine zikasambazwa. Akafundisha wauguzi wa hospitali tisa, na somo la kwanza lilikuwa daftari lake la zamani, ukurasa wa kitanda namba sita, lipite mkono kwa mkono.

Asubuhi moja akiwa kwenye kona yake ya magodoro, mlango ukasukumwa. Fundi cherehani aliingia na kichanga kimefungwa shali jeupe. Mtoto wa mwanawe wa kwanza. Mjukuu.

"Kakaye Chiriku amepata binti juzi," akasema. "Wodini wametaka kumpima. Nimewaambia wasubiri."

"Yuko muuguzi mwingine zamu ya leo, kama ungependa..."

"Nimekuja hapa."

Akamlaza mtoto juu ya godoro. Mama Makofi akanawa mikono, akaikausha sana, akamwekea kijiplagi sikio la kulia. Kimya. Wote wawili wakaitazama ile taa kama watu wanaongoja maziwa yachemke. Kijani. Sikio la kushoto. Kijani.

Akachukua kalamu. Yale madaha ya zamani hayakuwepo kabisa, herufi zilisimama wima kama za mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye kisanduku akaandika: Anasikia. Akaipeleka kadi mbele, hakuthubutu kuinua uso.

Fundi akaisoma neno kwa neno, ingawa lilikuwa moja. Akaikunja, akaitia kifuani ndani ya gauni, akambeba mjukuu wake.

"Haya, dada," akasema. "Safari hii nimeamini."