Kabichi za Kuonwa na Wapita Njia

Kinyozi alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, na mkewe alikwishamchoka. Bustani yake aliiweka mbele ya nyumba, kando ya njia, ili kila apitaye aseme, "Hongera, mzee." Kabichi alizipanda tuta lilelile, msimu baada ya msimu.

"Baba, hamishia nyuma," mkewe alimwambia. "Udongo huu una ugonjwa. Ng'oa moja uone mizizi ilivyovimba."

"Huko nyuma nani ataziona?"

Akili yake iliishia hapo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu la mkewe ndiyo kabisa hakutaka kulisikia. Jua likipanda, kabichi zake zinalegea kama matambara ya kudekia, naye anamlaumu aliyemuuzia mbegu. Nyuma ya jiko, mkewe alihamisha tuta kila msimu, akalilisha samadi na majivu, na kabichi zake zilifunga zikawa ngumu kama jiwe. Kinyozi aliziita mchezo wa akina mama, kisha akazila.

Sasa kaka yake mkubwa alikuwa anahama, anatafuta wa kumwachia shamba lake la bondeni. Angekuja kwanza kuona bustani. Mwanamke yule alilitaka shamba lile mpaka usingizi ukampaa.

Siku ya mgeni, alipotoka kufagia, alikuta tuta la mbele limejaa kabichi nono. Aliinama akatazama. Zilikuwa za sokoni, zimekatwa mashina na kupachikwa udongoni, na mumewe anazinyunyizia maji. Mtu mzima, mvi kichwani. Alimdharau hata kumcheka akashindwa.

Kaka mtu alifika, akasifu, akashika kabichi moja kupima ugumu wake. Ikamfuata mkononi. Akaigeuza, akaona kisu kilipopita.

"Hii ilikuwa inakula kwa mdomo gani, mdogo wangu?"

Kinyozi akakohoa. Mkewe akaona shamba linakwenda hivihivi.

"Shemeji, pita huku nyuma," akasema.

Shemeji alibonyeza kabichi, akafukua kwa kidole, akaona mizizi myeupe. Hakuuliza ni za nani. "Shamba utalishika wewe, shemeji."

"Mimi ndiye niliyemfundisha," kinyozi akadakia.

Mkewe akaitwaa ile kabichi ya sokoni mkononi mwa shemeji, akamrudishia mumewe. "Basi kamwagilie zako. Sisi tunakwenda kuona shamba."

Naye akaenda akaipachika, akazimwagilia zote, maana watu walikuwa wanapita.