Anwani ya Mama kwenye Simu ya Kioo

Simu ile ilipanda mlimani ndani ya soksi mpya ya sufu. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alimpa Mtanzania mwenzake aliyekuwa akirudi kutoka Ulaya, naye akaniletea shuleni nilikokuwa nikifundisha, Moshi mjini. Mbele ilikuwa kioo kitupu, haina vitufe, na wakati huo watu wa kwetu walikuwa bado na zile ndogo zenye tochi. Maagizo yake yalikuwa mafupi: kupiga simu ni gharama, mfungulieni Mama baruapepe, tutaandikiana humo.

Mama alifurahi, maana alikuwa na jambo. Tangu Baba afariki, kihamba chetu, migomba na kahawa iliyozunguka nyumba, kilikuwa kikimngoja kitinda mimba. Kwetu nyumba ya baba huangukia mtoto wa kiume wa mwisho. Sasa baba mdogo alikuwa amesema kwamba Krismasi hiyo, ukoo ukishakusanyika, anataka kusikia neno la mwenyewe. Kama harudi, kihamba apewe mwanawe yeye baba mdogo, ambaye yuko hapa hapa.

Jumamosi nikapanda nyumbani. Mtandao ulikuwa ukishika chini ya zizi tu, basi tukabeba vigoda tukakaa huko. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, sina haraka na mtu. Nilimweleza Mama kwamba baruapepe ni kama sanduku la posta, ila hili unatembea nalo. Kwanza unalipatia jina. Tukaandika jina lake, simu ikakataa, ikasema lina mwenyewe. Mama akataka kujua huyo ni nani na ni wa ukoo upi. Tukaongeza mwaka aliozaliwa mdogo wangu, ikakubali.

Neno la siri lilimsumbua zaidi. Hakuona sababu ya kuwafungia watoto wake mlango. Nilimwambia si kwa ajili yetu, ni kwa ajili ya wasiotutakia mema, akachagua jina la ng'ombe wake. Kidole chake, kilichokomaa kwa jembe, kioo hakikukisikia. Nikamwonyesha aguse taratibu, kama anavyopima joto la maziwa ya ndama. Mara ya kwanza alikosea, ya pili akakosea, kisha akaandika jina zima la ng'ombe peke yake, nami nikampigia makofi kama ninavyowapigia wanafunzi wangu.

Nikamwambia sasa amwandikie mwanawe kuhusu kihamba. Akanirudishia simu.

"Mimi ndiye mama yake," alisema. "Anisalimie kwanza."

Nilijaribu kumweleza kwamba huku anayeanza si lazima awe mdogo, na kwamba mtoto hawezi kusalimia anwani asiyoijua. Akasema anwani nimpe mimi, yeye atangoja. Sikumlaumu. Hajawahi kumtangulia mtoto kwa salamu tangu azae, na hakuona kwa nini kioo kibadilishe hilo.

Nikampelekea mdogo wangu anwani kutoka kwenye baruapepe yangu. Akajibu siku ile ile: "Poa sista, ntamwandikia Mama wikiendi."

Wikiendi ikapita, na nyingine. Kila jioni, akishakamua, Mama alishuka chini ya zizi na simu ameifunga kwenye pindo la kanga. Ndani kulikuwa na barua moja tu, ya Kiingereza, ya kampuni iliyotupatia anwani, ikimkaribisha. Nilipomsomea, alisema hao wageni angalau wana adabu.

Nilimwandikia tena mdogo wangu, safari hii bila kuzunguka. Nilimweleza baba mdogo alichosema, nikamwambia neno moja kwa Mama linatosha, hata kama neno lenyewe ni hapana. Akajibu kwamba yuko bize ila anaandika.

Krismasi ikafika, magari yakajaa njia yote kutoka Himo kupanda juu. Ukoo ukakaa uani kwetu, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, kisha baba mdogo akamgeukia Mama na kuuliza mwenye nyumba amesemaje.

"Bado hajanisalimia," Mama alijibu.

"Shemeji," baba mdogo alisema, "watoto wa siku hizi hawasalimii. Wanabonyeza."

Watu wakacheka. Nilisubiri wanyamaze, nikasema mimi nipo. Ndimi niliyekuwa nikipanda kila Jumamosi kutoka Shirimatunda, ninakokaa mjini, kupunguza machipukizi ya migomba na kupeleka samadi kwenye kahawa, na kila mmoja pale alilijua hilo. Baba mdogo hakukasirika. Alinitazama kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma hadi leo.

"Mwanangu, wewe una kwenu," alisema. Sikuwa nimeolewa, ila alimaanisha huko nitakakoolewa.

Kabla jua halijazama walikwisha kuamua. Mama akaachiwa nyumba na migomba ya karibu na jiko mpaka mwisho wa uhai wake. Kilichobaki kikawa cha mtoto wa baba mdogo. Wiki iliyofuata aling'oa kahawa yote, ile aliyoipanda Baba, akapanda nyanya za kuuza.

Mwaka mpya ulipoingia, simu ikalia tukiwa jikoni, siku ambayo mtandao ulitufikia kwa bahati. Barua ilikuwa ya mdogo wangu. Mama akafuta mikono, akafungua mwenyewe, sawasawa kabisa, akaninyooshea nisome. Iliandikwa: heri ya mwaka mpya kwenu nyote, Mungu awabariki.

"Nyote akina nani?" Mama aliuliza.

Nikamwonyesha pale juu, panapoonyesha barua imekwenda kwa nani. Tulizipitia anwani polepole, moja baada ya nyingine, za watu tusiowajua, mpaka tukaifikia yake, karibu na mwisho. Nikamwonyesha na mahali pa kugusa mtu akitaka kujibu.

Mama aliweka simu kando ya kinu, akavuta mkungu wa ndizi akaanza kumenya.

"Wamjibu hao wengine," alisema.