Bangili ya Mama Mkwe Ilivyokonda

Hapana, sikuiuza. Najua ndicho utakachouliza. Kila mtu ananiangalia mkono kwanza, halafu usoni, na swali linakuwa limeshafika kwenye meno. Ngoja nikuokoe. Sikuiuza, sikuiweka rehani, haikuibiwa. Niliiyeyusha. Halafu nikaiyeyusha tena. Kaa hapo kwenye kigoda nikwambie, ila usicheke kabla sijacheka mimi.

Mume wangu alipofariki, siku ya tatu wifi yangu, dada yake, akanijia na kipande cha sabuni. Kwetu mjane akiwa msibani havai pambo. Hereni zikatoka, ushanga ukatoka, bangili ikagoma. Ilikuwa ya fedha, pana, ina maua matatu, ya mama yao mzazi. Marehemu alinivalisha siku ya ndoa, mkono wangu ukiwa kama mwiko. Miaka ikapita, mkono ukanona. Wifi akapaka sabuni, akavuta. Akaniwekea mguu ubavuni, akavuta. Mwisho akaazima koleo kwa fundi baiskeli. Ka. Vipande viwili.

Akavifunga kwenye kitambaa akanipa, na sauti yake ile ya kwaya, maana wifi hata akiomba chumvi anaimba: "Tunza, wifiii, msiba ukiisha irudi kwetuuu. Ni kitu cha ukoo."

Sikubisha. Huku kwetu milimani ukoo unafuata upande wa mama. Kitu cha mama mkwe wangu si cha mke wa mwanawe, ni cha binti yake. Mimi niliazimwa tu, miaka arobaini.

Watu wakaondoka na masufuria yao, mimi nikabaki na mikono. Ilikuwa inatetemeka. Nikishika kikombe, chai inamwagikia kanga kabla haijafika mdomoni. Kula hakuna, usingizi hakuna, na kutwa nzima neno langu ni moja tu, la kumfukuza kuku. Mimi huyu, ambaye nikianza kuongea jirani anahamisha kiti. Binti yangu akaogopa, akanitoa kijijini Mvumi akanihamishia kwake Kilosa mjini, akanipeleka hospitali.

Nesi alikuwa mtoto mdogo, anaongea kwa pua kama amebanwa na kibanio cha nguo. "Bibi, presha nzuri. Damu nzuri. Hii ni huzuni. Utafute kazi ya mikono, ushone, ufume."

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, mikono hii ukiipa sindano itanishona pua."

"Basi tafuta yenye nyundo."

Yeye alitania. Mimi nikalibeba lile neno mpaka nje, na nje ndiko nikasikia nyundo. Karibu na stesheni yupo mzee sonara, baba yake aliletwa na kazi za reli, yeye akabaki na kiduka cha mlango mmoja. Anaongea kama redio inayoishiwa betri. Nikamfungulia kitambaa changu chenye vile vipande viwili.

"Kuuunga... naweza," akasema. "Hela... unayo?"

"Sina."

"Basi... kaunge... nyumbani."

Sikuondoka. Nikamwambia nitakuja na mkaa wangu, nitampulizia moto, na yeye atanionyesha niunge mwenyewe. Akasema mama, nenda nyumbani. Kesho yake nikarudi na chenga za mkaa kwenye ndoo na bakuli la kunde. Keshokutwa nikarudi na kunde tena. Siku ya tatu akaniangalia, akaiangalia ndoo, akaliangalia bakuli. "Haya... puliza."

Wewe, umeshaona fedha ikiyeyuka? Inakaa kimya kwenye kikombe cha udongo, inakaa kimya, mpaka unadhani imekataa. Halafu ghafla inajikusanya, inakuwa tone linalotembea, linang'aa kama jicho la mbuzi. Ukishika koleo lenye kile kikombe huwezi kutetemeka. Si kwamba unajikaza. Mikono inasahau tu. Yangu ilisahau siku ileile, nami sikugundua mpaka nilipokunywa chai na kanga ikabaki kavu.

Vifaa nilijitengenezea. Spoku ya baiskeli niliichonga ikawa ya kuchorea. Dawa ya kung'arisha anayo yeye, ghali, mimi nikaichemsha fedha kwa ukwaju, ikatoka nyeupe vilevile, na yeye akanuna siku mbili. Nikipiga tupa natandaza kanga mapajani, vumbi la fedha lisipotee, nikimaliza naikung'uta kanga kama mtu anayetafuta chawa.

Bangili ikaungika. Mbaya. Ina nundu kama ng'ombe wa Tindiga. Nikaivaa, nikaitazama ile nundu, nikacheka peke yangu barabarani, cheko la kwanza tangu mazishi, mpaka mwenye bodaboda akapunguza mwendo.

Sasa tatizo. Kazi imeisha. Na fedha ya kufua pambo jingine ningeitoa wapi, mtu ninayenunua mafuta ya kula kwa kipimo cha kifuniko? Nikakaa nyumbani siku nne. Ya tano kikombe kikaanza kugonga sahani. Nikaondoka na bangili yangu mpaka kwa sonara. "Iyeyushe."

"Si... imepona?"

"Imepona yeye. Bado mimi."

Ikawa mkufu. Wiki iliyofuata nikauyeyusha, zikawa hereni mbili na pete. Nikaziyeyusha. Likawa jani la mhogo, la kubana kilemba. Sijui kusoma wala kuandika, lakini jani lile lilikuwa na mishipa yote. Mama zangu, nilikuwa naamka nikiwa na haraka. Nilikuwa naota maumbo. Nikipita sokoni naangalia masikio ya watu badala ya nyanya. Sauti zote zikanirudia, nikawa namwigiza nesi, namwigiza mchungaji, namwigiza sonara mbele yake mwenyewe, na yeye anacheka nusu saa baadaye, ikishamfikia.

Ila kila ikiyeyuka inabakisha kidogo kwenye kikombe, kidogo kwenye majivu. Siku moja sonara akaipima kwenye kiganja.

"Mama... unamla... mama mkwe wako."

Ndipo simu ikalia. "Haloo wifiiii. Jumamosi tunakutana kwangu Mikumi, tunamaliza msiba wa kakaaa. Uje na bangili ya mamaaa."

Nikakaa chini kwenye mkaa. Si aibu tu, ingawa aibu ilikuwepo. Fedha ile nikiirudisha, mikono yangu itashika nini? Na nisipokuwa na cha kurudisha, wifi ataniita mwizi mbele ya ukoo mzima. Nikakusanya jani, nikakung'uta kanga zote, nikachekecha majivu. Iliyopatikana ni nusu ya bangili, ukiwa na huruma. Sonara akaniazima bamba lake la chuma lenye matundu, tukaivuta fedha iwe waya, tundu hadi tundu, mpaka ukawa mwembamba. Nikaukunja mara mbili, nikausokota kama kamba ya kufungia mbuzi, bangili ionekane nene. Ndani tupu, nje imejaa. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilikuwa naipeleka kwa mwenyewe.

"Chukua... nauli ya kurudi," sonara akasema. "Utafukuzwa... mapema."

Basi likasimama kijiji cha Ulaya, siku ya mnada, nikatamani lisimame mpaka Jumatatu. Mikumi nikamkuta wifi kwenye banda lake la chakula kando ya barabara kuu, wali umeshaiva, ndugu wamekaa kwenye mabenchi. Kwenye kiti chenye mto amekaa mdogo wake mama mkwe, mama mdogo wa marehemu, bibi kizee wa macho yenye ukungu, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa rika lile.

Nikaamkia, nikatoa. Wifi akaishika, akaipandisha, akaishusha.

"Wifi, mbona imekonda?"

"Na mimi nimekonda. Ni msiba."

Benchi la nyuma likacheka. Wifi hakucheka. "Ile ilikuwa na maua matatuuu. Maua yako wapi?"

"Yamepukutika."

"Wifi."

"Ulikata na koleo wewe, unategemea maua yafanyeje?"

Akavuta pumzi ya kuanzisha wimbo mrefu. Kitu cha mama. Kitu cha ukoo. Binti zetu watavaa nini. Watu wakaacha kucheka, mmoja mmoja, nami mikono nikaificha chini ya kanga maana ilishaanza tena. Wifi akamwekea yule bibi bangili mapajani. "Mama mdogo, wewe unaijua ya mama. Hebu shika, uwaambie hawa kama ndiyo yenyewe."

Bibi akaipitisha kwenye vidole, taratibu, msokoto kwa msokoto. Akaisogeza kwenye shavu. Akauliza ni nani ameifua, nikasema ni mimi. Akanyoosha mkono akanitafuta, akanivalisha yeye mwenyewe, halafu akageukia upande wa wifi, kwa sauti kavu kama anafukuza mbuzi kwenye mahindi:

"Ile ya maua, dada yangu aliiokota tu stesheni. Pakueni wali."